Uraia wa nchi mbili na jezi ya timu ya taifa: sheria, makaratasi na heshima yake

NambaSita (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila dirisha la mechi za kimataifa likikaribia, ubishi unakuwa uleule. Huyu kazaliwa ughaibuni, yule ana babu tu, mwingine alishachezea vijana wa nchi nyingine. Watu wanapimana uzalendo kabla hata ya kujua sheria inasemaje. Naomba wenye ujuzi wa kanuni, wa kambi za timu na wa historia tuyaweke hapa kwa kina, ili anayekuja kesho akute jibu.

Msimamo wangu ni kwamba mahali pa kuzaliwa hapapimi mapenzi ya mtu kwa nchi. Morocco ya Kombe la Dunia 2022, timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, ilikuwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya Morocco. Hakimi kazaliwa Madrid, Ziyech kazaliwa Dronten, Amrabat kazaliwa Huizen. Ukiwatazama walivyopigana dhidi ya Hispania na Ureno, huwezi kusema ile jezi waliazimwa.

Ila fahari ile ilisimama juu ya mafaili yaliyonyooka. Mchezaji asiyejua beti za wimbo wa taifa haiaibishi nchi kama shirikisho lisilojua kupanga makaratasi. Hapo ndipo ningependa tuanzie.

---

Kifungu cha Tisa

Mkuu, umeanza vizuri. Kanuni za utekelezaji wa katiba ya FIFA, kifungu cha 5 hadi cha 9, ndizo zinazotawala haya yote.

Msingi ni uraia wa kudumu ambao hautegemei mahali unapoishi. Kibali cha ukaazi, hata kiwe cha maisha, hakimpi mtu haki ya kuchezea timu ya taifa. Pasipoti ndiyo mlango wa kwanza. Wengi wanadhani ni mlango pekee, na hapo ndipo wanapokwama.

Anayepata uraia mpya ukubwani lazima awe na angalau kimoja kati ya hivi: kazaliwa katika ardhi ya nchi hiyo, mzazi wake wa damu kazaliwa huko, babu au bibi yake kazaliwa huko, au ameishi huko kwa muda unaotakiwa. Muda wenyewe unategemea umri alioanza kuishi huko. Aliyehamia kabla ya miaka 10 anahitaji miaka 3. Aliyehamia akiwa na miaka 10 hadi 18 anahitaji miaka 5, na juu yake athibitishe kwamba hakuhamishwa kwa lengo la kuchezea timu za taifa za nchi hiyo. Aliyehamia baada ya miaka 18 anahitaji miaka 5.

Kuna jambo linaloangusha wengi kwenye kuhesabu hiyo miaka. "Kuishi" maana yake ni kuwepo kimwili angalau siku 183 katika kila miezi 12. Likizo fupi au safari ya matibabu haivunji hesabu. Mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine, hesabu imekatika. Kwa hiyo winga aliyekaa miaka 3, akauzwa nje msimu mmoja, kisha akarudi na kukaa miaka 2, hana miaka 5 hata kama magazeti yanamwita mwenyeji.

Masharti haya hayakuzuka tu. Mwaka 2004 Qatar ilitaka kuwapa uraia Wabrazili waliokuwa wakicheza Ujerumani, akiwemo Ailton, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na nchi hiyo. FIFA ikafunga mlango kwa kudai uhusiano wa wazi, wakati huo ukiwa ukaazi wa miaka 2. Mwaka 2008 ikapandishwa kuwa 5.

---

Kipa Namba Tatu

Swali kwa Kifungu cha Tisa. Mechi ya kirafiki inamfunga mchezaji, yaani inambana asiweze tena kuchezea nchi nyingine, au haimfungi? Kila mtu ana jibu lake.

---

Kifungu cha Tisa

Mechi ya kirafiki peke yake haimfungi. Kinachofunga ni mechi ya mashindano rasmi: mechi za kufuzu, fainali za bara, Kombe la Dunia, na mashindano rasmi ya vijana pia.

Ndiyo maana Wilfried Zaha alicheza mechi 2 za kirafiki za England, mwaka 2012 na 2013, kisha akaichezea Ivory Coast kuanzia 2017. Diego Costa alicheza 2 za kirafiki za Brazil mwaka 2013, na Kombe la Dunia la 2014 akaenda na Hispania. Declan Rice alicheza 3 za kirafiki za Jamhuri ya Ireland mwaka 2018, na Machi 2019 akawa England. Iñaki Williams alicheza moja ya Hispania mwaka 2016, akaanza na Ghana 2022, wakati mdogo wake Nico yuko Hispania.

Tahadhari: kirafiki haimfungi, lakini inahesabika kwenye ile hesabu ya mechi 3 nitakayoieleza. Watu wanaisahau, halafu wanashangaa ombi linapokataliwa.

Sasa kubadili nchi. Unaruhusiwa mara moja tu, na njia kuu ni tatu.

Kwanza, mchezaji aliyecheza mashindano rasmi ya vijana tu, hajacheza mechi rasmi ya timu ya wakubwa, na siku ya mechi yake ya kwanza rasmi tayari alikuwa na uraia wa nchi anayoitaka. Huyu anabadili bila kikomo cha umri. Kikomo cha miaka 21 kiliwekwa mwishoni mwa 2003, kikaondolewa kwenye mkutano mkuu wa Nassau mwaka 2009 kwa hoja iliyopelekwa na Algeria.

Pili, aliyecheza rasmi wakati bado hana uraia wa nchi mpya. Huyu anabanwa zaidi: mechi yake ya mwisho kwa nchi ya zamani lazima iwe kabla hajatimiza miaka 21, na lazima atimize masharti ya uhusiano niliyoyataja juu.

Tatu, iliyoingia Septemba 2020, ni ya aliyekwisha kucheza mechi rasmi ya timu ya wakubwa. Masharti yote haya lazima yatimie kwa pamoja: alikuwa na uraia wa nchi mpya siku ya mechi yake ya kwanza rasmi, alipocheza mechi ya mwisho rasmi kwa nchi ya zamani hakuwa ametimiza miaka 21, mechi zake za wakubwa hazizidi 3, rasmi na za kirafiki kwa ujumla, imepita angalau miaka 3 tangu ile ya mwisho, na hajawahi kuingia uwanjani kwenye fainali za Kombe la Dunia wala fainali za bara.

Tuseme kijana ana uraia wa nchi mbili tangu utoto. Akiwa na miaka 19 anacheza mechi 2 za kufuzu, akiwa na 20 anacheza 1 ya kirafiki. Atasubiri miaka 3 kuanzia ile ya kirafiki. Kama angecheza kirafiki 2 badala ya 1, jumla ni mechi 4 na mlango umefungwa moja kwa moja. Mechi moja isiyo na pointi imeamua hatima yake.

---

Mzee wa Kumbukumbu

Vijana mnadhani kubadili nchi ni mambo ya leo. Luis Monti alicheza fainali ya Kombe la Dunia 1930 na Argentina, akacheza ya 1934 na Italia. Hakuna mwingine aliyewahi kucheza fainali mbili kwa nchi mbili. Puskás alikuwa Hungary kwenye fainali ya 1954, mwaka 1962 akaenda Chile na Hispania. Altafini alikuwa kikosi cha Brazil mabingwa wa 1958, na 1962 akawa Italia. Ni baada ya hapo FIFA ilipoamua mtu achezee nchi moja.

Lakini kama mnataka mfano wa heshima ya jezi, someni timu ya FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria. Aprili 1958, wachezaji Waalgeria waliokuwa wakilipwa vizuri Ufaransa waliondoka kimyakimya, wakavuka mipaka na kukutana Tunis kuunda timu ya nchi ambayo ilikuwa bado haijapata uhuru. Rachid Mekhloufi wa Saint-Étienne alikuwa na miaka 21, Mustapha Zitouni wa Monaco alikuwa beki wa kutegemewa. Wote wawili walikuwa kwenye hesabu za Ufaransa kwa Kombe la Dunia la mwaka uleule. FIFA haikuitambua timu yao, na nchi zilizocheza nayo zilikuwa zinajitia hatarini. Walizunguka wakicheza mpaka uhuru ulipopatikana 1962. Mekhloufi akarudi Saint-Étienne na mashabiki wakampokea.

Wale walikuwa wameishi, wameoa na wanalipwa Ufaransa. Kwa hiyo anayesema mchezaji wa ughaibuni moyo wake uko kwenye mshahara, aanze kwa kuwajibu hao.

---

Dada Kiungo

Mzee wangu, nakuunga mkono. Nami niseme jambo ambalo makocha wengi hawapendi kulisikia: kumwingiza kijana dakika za mwisho kwa lengo la kumfunga tu si uzalendo.

Angalieni Munir El Haddadi, mzaliwa wa Hispania mwenye asili ya Morocco. Septemba 2014, akiwa na miaka 19, aliingia akitokea benchi dhidi ya Macedonia kwenye mechi ya kufuzu Euro, Hispania ikiwa mbele kwa mabao mengi. Hawakumpa tena nafasi timu ya wakubwa. Alipotaka kwenda na Morocco Kombe la Dunia la 2018, FIFA ilikataa, na mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, nayo ikakataa. Alikuja kuivaa jezi ya Morocco Machi 2021, baada ya sheria kulegezwa. Dakika kama kumi na kitu zilimgharimu zaidi ya miaka 6.

Sheria ya sasa imepunguza ukatili huo kwa mechi za kufuzu, lakini kwenye fainali za bara dakika moja inafunga milele. Kocha anayeongoza 3-0 hatua ya makundi na kumwingiza mtoto wa miaka 18 dakika ya 89, anatakiwa awe amekaa naye na wazazi wake kabla ya mashindano, sio baada yake. Kukaa benchi bila kuingia hakumfungi.

---

Kipa Namba Tatu

Dada, hapo napingana nawe kidogo. Nchi ikimlea mtu kwenye akademia tangu utotoni, ikamlipia makocha na safari, haina haki ya kumshikilia?

---

Dada Kiungo

Ina haki ya kumshawishi, kaka. Inayo faida zote: inamjua, anajua lugha ya benchi la ufundi, marafiki zake wako pale. Kama pamoja na hayo yote anaondoka, tatizo liko kwenye namna alivyotendewa. Özil, Mjerumani mwenye asili ya Uturuki, alijiuzulu timu ya Ujerumani Julai 2018 akisema akishinda anaonekana Mjerumani na akishindwa anaonekana mhamiaji. Alikuwa amebeba Kombe la Dunia miaka 4 kabla. Rashford, Sancho na Saka wa England walipokosa penalti fainali ya Euro Julai 2021, matusi ya rangi yalimiminika usiku uleule. Kijana mwenye uraia wa nchi mbili anayatazama yote hayo kabla ya kuchagua.

---

NambaSita

Sasa twende kwenye makosa ya makaratasi. Mtu atuwekee mifano yenye gharama kamili.

---

Kifungu cha Tisa

Nitatoa minne, kila mmoja una ugonjwa wake.

Bolivia, Septemba 2016. Walimwingiza Nelson Cabrera, mzaliwa wa Paraguay, akitokea benchi dhidi ya Peru na kisha Chile. Pasipoti ya Bolivia alikuwa nayo, miaka 5 ya ukaazi hakuwa nayo. Chile waliotoka 0-0 walilalamika. FIFA ikawapa Chile ushindi wa 3-0, na Peru, waliokuwa wamefungwa 2-0, nao wakapewa 3-0. Chile wakapata pointi 2 za ziada, Peru wakapata 3. Mwisho wa kufuzu wote walikuwa na pointi 26, Peru wakapita kwa tofauti ya mabao hadi mechi za mtoano na kufika Kombe la Dunia 2018. Matokeo ya uwanjani yangebaki, Chile wangekuwa na 24 na Peru 23. Kosa la makaratasi la Bolivia liliamua nani aende Urusi.

Ecuador, 2022. Mchezaji ni beki Byron Castillo. CAS ilisema ana haki ya kuchezea Ecuador kwa sababu nchi yenyewe inamtambua kuwa raia wake, lakini pasipoti iliyotumika ilikuwa na taarifa za uongo kuhusu mahali na tarehe ya kuzaliwa. Shirikisho likapigwa faini ya faranga 100,000 za Uswisi na kuanza kufuzu kwa 2026 likiwa na hasi pointi 3. Walijikwamua na kumaliza wa pili, lakini si kila timu ina ubavu huo.

Guinea ya Ikweta na Emilio Nsue. Alichezea timu za vijana za Hispania, kisha akaanza kuichezea Guinea ya Ikweta 2013 bila ombi la kubadili kukubaliwa. Mwaka huohuo walinyang'anywa ushindi dhidi ya Cape Verde kwa sababu yake. Wakaendelea naye miaka na miaka, akawa mfungaji bora wa AFCON iliyochezwa mwanzoni mwa 2024 kwa mabao 5. Mei 2024 FIFA ikamfungia miezi 6, ikalitoza shirikisho faranga 150,000, na kufuta ushindi wa mechi za kufuzu dhidi ya Namibia na Liberia. Ni mchezaji anayependwa na nchi nzima, na lile lilikuwa ombi la kurasa chache. Hili linaniuma kuliko yote.

Malaysia, Septemba 2025. FIFA iliwafungia wachezaji 7 miezi 12 na kulitoza shirikisho faranga 350,000. Vyeti vya kuzaliwa vya babu na bibi zao vilivyowasilishwa vilionyesha walizaliwa Malaysia, lakini FIFA ilipopata nakala za asili zikaonyesha Argentina, Brazil, Hispania na Uholanzi. Huu si uzembe tena, ni kughushi. Timor Mashariki nao walishafungiwa na shirikisho la Asia mwaka 2017 wasishiriki Kombe la Asia la 2023, baada ya kutumia hati za uongo kwa wachezaji 12 wazaliwa wa Brazil.

---

Dada Kiungo

Mfano wa Malaysia unatupa utaratibu wa kazi. Cheti cha babu usikipokee kwa mkono wa wakala. Omba nakala mpya iliyothibitishwa moja kwa moja kutoka ofisi ya vizazi ya nchi alikozaliwa babu, kisha fuatisha mnyororo: cheti cha babu, cheti cha mzazi kinachomtaja babu, cheti cha mchezaji kinachomtaja mzazi. Jina likibadilika herufi moja katikati ya mnyororo, tafuta maelezo ya kisheria kabla hujatuma chochote. Majina yaliyoandikwa kwa Kiarabu yakahamishiwa herufi za Kilatini ni chanzo kikubwa cha usumbufu, na majina ya ndoa ya akina mama vilevile.

---

Kifungu cha Tisa

Sahihi kabisa. Faili la kubadili nchi liwe na hivi: barua ya mchezaji mwenyewe aliyoisaini na kueleza sababu, nakala ya pasipoti, mnyororo wa vyeti kama alivyosema dada, uthibitisho wa serikali wa *tarehe* aliyopata uraia, na orodha ya mechi zote alizochezea nchi ya zamani, za vijana na za wakubwa, kila moja na tarehe na aina ya mashindano.

Hapo kwenye tarehe ya uraia ndipo mafaili mengi yanapokufa. Pasipoti inaonyesha imetolewa 2023, mechi ya kwanza rasmi ya vijana ilikuwa 2019. Ukituma pasipoti peke yake unaonekana huna uraia wakati ule. Kama uraia wake ni wa kurithi tangu kuzaliwa, pata barua ya mamlaka inayosema hivyo waziwazi.

Kuanzia siku ombi linapowasilishwa mpaka litolewe uamuzi, mchezaji haruhusiwi kuchezea nchi yoyote. Kwa hiyo usitume wiki moja kabla ya mechi. Na hata akikubaliwa, hachezi kwenye mashindano ambayo tayari ameyachezea na nchi ya zamani.

---

Kipa Namba Tatu

Na klabu ikigoma kumwachia?

---

Dada Kiungo

Ndani ya dirisha la FIFA klabu haina haki ya kugoma, ila shirikisho lazima lifuate muda. Mwito unaandikwa na kutumwa angalau siku 15 kabla ya siku ya kwanza ya dirisha, na klabu inathibitisha ndani ya siku 6 zinazofuata. Ujumbe wa simu kwa wakala si mwito. Kipindi cha kuachiwa kikiisha, mchezaji anatakiwa awe amerudi klabuni ndani ya saa 24, au 48 kama mechi ilichezwa bara jingine. Akiumia kambini na kukaa nje zaidi ya siku 28, FIFA ina mpango wa kuilipa klabu mshahara wake mpaka euro milioni 7.5. Meneja wa timu anayeijua bima hii anazungumza na klabu kwa sauti tofauti kabisa.

Mchezaji anayeitwa na kukataa bila kukubaliana na shirikisho haruhusiwi kuichezea klabu yake katika kipindi hicho pamoja na siku 5 za ziada. Mimi singeshauri kuitumia kanuni hiyo kwa kijana ambaye bado anatafakari nchi ya kuchezea. Utampata mwili, moyo utaukosa.

---

Mzee wa Kumbukumbu

Na suala la wimbo wa taifa? Watu wanakodolea macho midomo ya wachezaji.

---

NambaSita

Mzee, Hispania wimbo wao hauna maneno rasmi. Wamebeba Kombe la Dunia 2010 wakiwa wamefumba midomo. Uswisi wana wimbo wa lugha nne, wa Afrika Kusini una lugha tano. Breel Embolo, mzaliwa wa Yaoundé, aliifunga Cameroon kwenye Kombe la Dunia 2022 akiwa na Uswisi, akainua mikono na kukataa kushangilia. Heshima kwa nchi mbili ilionekana pale, na bao lilihesabika.

Hata hivyo naamini wimbo ufundishwe. Kwenye mashindano ya FIFA unapigwa kwa sekunde 90 tu, kwa hiyo mara nyingi ni ubeti mmoja na kiitikio. Mpe mchezaji maandishi wiki mbili kabla, na tafsiri ya kila mstari, pamoja na rekodi ya mtu anayetamka polepole. Mpange chumba kimoja na mchezaji mkongwe anayezungumza lugha yake na lugha ya timu. Usimsimamishe aimbe mbele ya wote siku ya kwanza huku kamera zinarekodi. Anayeelewa maneno ataimba mwenyewe.

---

Kipa Namba Tatu

La mwisho wakuu. Futsal inahesabika? Na mchezaji akishabadili halafu kocha mpya asimtumie kabisa?

---

Kifungu cha Tisa

Futsal na soka la ufukweni zinahesabika, kanuni inasema aina yoyote ya mpira wa miguu. Ulizia hilo unapokusanya ile orodha ya mechi, kwa sababu rekodi za futsal mara nyingi ziko idara nyingine.

Kuhusu aliyebadili bila kutumiwa: kama hajaingia uwanjani hata mara moja kwa nchi mpya na bado ana uraia wa ile ya zamani, anaweza kuomba kurudi. Akishacheza, ndiyo basi.